Tusimwite Mjane Tu: Kumkumbuka Mama Pauline Opango

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi na wakaaji wa Likasi)



Leo hatukukusanyika kwa mambo ya mishahara wala ya posho. Tumekusanyika kumkumbuka mama mmoja. Jina la mume wake limeandikwa kwenye barabara za miji mingi ya dunia. Jina lake yeye halitajwi sana, hata katika mikutano yetu. Watu husema "mjane wa Lumumba", kisha wanapita. Sisi tunasema neno hilo halitoshi. Mama Pauline Opango alikuwa mke, kweli. Lakini alikuwa pia mama, nkambo, na mpiganaji, na kazi aliyoifanya kwa miguu yake mwenyewe inatuhusu sisi wa Katanga kuliko watu wengine wote.

Alizaliwa mwaka 1937 huko Wembo-Nyama, upande wa Sankuru. Aliolewa mwaka 1951, angali msichana wa miaka 14. Mume alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Wakazaa Patrice, Juliana na Roland. Mwaka 1956 mume alifungwa, na mzigo wa nyumba ukamwangukia mama. Mama zetu walio hapa wanajua maana yake: sufuria haiulizi kama baba yuko gerezani.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, raha yake haikudumu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kumpoteza mtoto mchanga, Marie-Christine, na mume alikuwa akizingirwa na askari nyumbani mwake. Mwisho wa mwezi wa Novemba Lumumba alitoroka Léopoldville kuelekea Stanleyville. Walipofika mto Sankuru, yeye alivuka kwanza. Mama na Roland wakabaki ng'ambo ya nyuma. Askari wakawafikia. Lumumba akarudi kwa mke na mtoto, na hapo akakamatwa. Barua yake ya mwisho, ile inayosomwa katika lugha nyingi, aliiandika kwa Pauline.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Shilatembo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ndugu, kila mmoja wetu anayepanda gari kwenda Lubumbashi anapita karibu na mahali pale. Kisha polisi Wabelgiji wakazifukua maiti, wakazikatakata, wakaziyeyusha katika asidi sulfuriki. Asidi hiyo haihitaji kufafanuliwa mbele ya watu wa Shituru. Ndiyo inayotoa shaba katika mawe. Ninyi mnajua inavyokula nguo, inavyokula ngozi. Walifikiri asidi itamaliza neno.

Asidi haikumaliza neno, kwa sababu alikuwako mama.

Serikali ya Katanga ilitangaza kifo tarehe 13 Februari. Kesho yake, tarehe 14, Pauline alitoka katika barabara za Léopoldville kwa miguu, kifua wazi, kama mjane anavyoomboleza katika desturi ya wazee wetu. Alikuwa na miaka 24. Waombolezaji wakamfuata. Akaenda hadi kwa wakubwa wa ONU, akaomba asaidiwe kupata maiti ya mume wake, ili aizike.

Tulitazame vizuri ombi hilo. Hakuomba fedha wala cheo. Aliomba mazishi. Lakini ombi la mazishi lilikuwa gumu kuliko yote, kwa maana atakayeleta maiti atapaswa kusema ilikuwa wapi, na nani aliyeua. Sisi makarani wa mgodi tunajua jambo hili. Kila bamba la shaba linalotoka hapa lina uzito wake ulioandikwa na karatasi yake. Watu watatu walipotea bila karatasi. Mama alikuja kudai karatasi hiyo, naye hakujua kusoma hofu.

Hakupewa kitu. Alilea watoto wake katika ugeni, huko Misri, ambako Rais Nasser aliwapokea. Watoto wakasoma: Juliana akawa waziri wa utamaduni wa Kongo, Roland akawa mjenzi wa kuchora majumba. Mama akarudi Kinshasa, akawa nkambo. Akafa tarehe 23 Desemba 2014, mwenye miaka 77, bila kuzika.

Lakini deni la mama hurithiwa. Mwaka 2020 Juliana alimwandikia mfalme wa Wabelgiji, akadai mabaki ya baba yake. Tarehe 20 Juni 2022 huko Brussels familia ilikabidhiwa jino moja, ambalo polisi mmoja wa wale walioyeyusha maiti alikuwa amelificha kwake. Sanduku likapitishwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Miaka 61 tangu ombi la mama! Jino moja tu, lakini ni jibu kwa ule mwendo wa miguu.

Basi, ndugu, tufanye nini sisi wa Likasi?

Kwanza, kila tutakapotaja jina la Lumumba katika mkutano, tutaje na jina la Pauline Opango.

Pili, tusisahau kwamba Mpolo na Okito hawajapata hata jino. Nao walikuwa na mama, nao walikuwa na watoto. Dai bado liko wazi.

Tatu, twende kwa mama na nkambo zetu katika kambi na mitaa. Wao walikuja hapa kutoka Kasai, Lomami, Luapula. Walipika, walizaa, walizika waume waliotoka mgodini na kifua kibovu. Majina ya waume yamo katika vitabu vya kazi. Majina ya mama hayamo. Sisi tunaojua kuandika tukae nao, tuandike kijiji, mwaka wa kufika, na watoto waliowalea. Tusingoje wafe ndipo tuwasifu.

Mama Pauline hakupewa kaburi la kulilia. Alilia barabarani, na inchi nzima ikasikia. Apumzike kwa amani.

Kongo idumu! Mama zetu wadumu!