KESI ILIYOKWENDA HAGUE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Kiganjo)



Mkutano uliopita ndugu mmoja aliuliza swali, na Katibu akatuagiza sisi wa genge la njia tulijibu. Swali lilikuwa hili: watu 1,133 waliuawa katika nchi hii, mbona hakuna mkubwa hata mmoja aliyefungwa, wala hapa wala Ulaya? Sisi si mawakili. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, basi. Lakini tumetafuta, tumeulizana, na leo twaleta tuliyoyapata.

Mwanzo wake mwaujua. Kura ilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yakatangazwa tarehe 30. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto na watu wa kabila letu wamo ndani, wanawake na watoto. Mwisho wa mwezi ule ule, huko Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Hao walikuwa Wajaluo, na waliowachoma walikuwa watu wa kwetu. Twayataja yote mawili kwa kusudi, maana huku mlimani la kwanza husemwa kila siku, na la pili halisemwi. Hata reli haikupona: kule Kibera iling'olewa.

Jaji Philip Waki akaongoza tume, nayo ikatoa ripoti Oktoba 2008. Tume ilitaka iundwe mahakama maalum hapa hapa nchini. Majina ya wakubwa walioshukiwa yakatiwa katika bahasha, akapewa Bwana Kofi Annan aliyewapatanisha wakubwa wetu. Mahakama isipoundwa, bahasha iende Hague. Februari 2009 Bunge likakataa mswada. Wabunge wengine walidhani Hague ni mbali na kesi haitafika. Julai bahasha ikaenda.

Sasa sikilizeni vizuri. Mahakama ile ya Hague ilianza kazi mwaka 2002, na Kenya iliingia katika mkataba wake mwaka 2005. Haina polisi wake. Ikitaka mtu akamatwe, au karatasi za benki, au daftari la simu, huiomba serikali ya nchi. Ni kama mkaguzi aliyetumwa na makao makuu aje kukagua stoo, lakini ufunguo anao mwenye stoo.

Desemba 2010 watu sita walitajwa. Januari 2012 majaji wakathibitisha mashtaka ya wanne: Bwana Ruto, Bwana Sang, Bwana Muthaura na Bwana Kenyatta. Wote walikana. Machi 2013 mashtaka ya Bwana Muthaura yakaondolewa, na mwezi huo huo Bwana Kenyatta na Bwana Ruto wakashinda uchaguzi, wakawa Rais na Makamu wake. Ufunguo wa stoo ukawa mikononi mwao. Tarehe 5 Desemba 2014 mashtaka ya Bwana Kenyatta yakaondolewa. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wakasimamisha kesi ya Bwana Ruto na Bwana Sang, bila kusema hawana hatia wala wanayo. Waendesha mashtaka walisema mashahidi wametishwa na kuhongwa. Watetezi walisema uchunguzi ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na jaji mmoja pia aliulaumu. Sisi twaona pande zote mbili zilisema kweli. Novemba 2023 uchunguzi wa Kenya ukafungwa.

Mtu atasema, mbona Arusha iliwezekana? Mahakama ya Rwanda pale Arusha ilishtaki watu 93, ikawatia hatiani 62, mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Ndugu, wale walikuwa wameshindwa vitani. Wetu walikuwa wameshinda kura.

Sasa neno letu wenyewe. Siku ile ya Desemba 2014 tulikuwa bado katika nyumba za reli za njia kuu, nasi tulichinja mbuzi. Twakiri. Mwenzetu mmoja Mjaluo, tuliyekuwa tukila naye sufuria moja, alikaa nje juu ya mataruma mpaka usiku, wala hakuna aliyemwita. Ndugu yake alipotea Naivasha Januari ile, na mpaka leo hajaonekana hai wala maiti. Nyumbani kwetu nako alikuwapo mama aliyekimbia Burnt Forest na watoto wanne. Serikali ilimpa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Aliandikisha ushahidi mara mbili, kisha akauliza nani atamlinda, akanyamaza. Aliposikia khabari za mbuzi alituuliza neno moja tu: "Mmemchinjia nani?" Hatukumjibu.

Hata hivyo njia haikuzibwa yote. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba serikali ilikosa kuchunguza waliobakwa katika vita vile, na wanne wakapewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Na wazee wa huku Nyeri na kwingineko, walioteswa katika kambi za Waingereza wakati wa Mau Mau, waliishtaki Serikali ya Uingereza. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9. Ilikuwa miaka zaidi ya 50 baadaye. Kilichowasaidia sana ni mafaili yaliyokuwa yamefichwa kule Uingereza.

Mama yule anayo bado karatasi yake ya kambi, ameikunja ndani ya Biblia. Mwenzetu hana hata moja, wala jina la nduguye halikuandikwa popote tunapojua. Kwa hiyo genge letu limemwomba Katibu aandike barua kwa polisi wa Naivasha na kwa hospitali, kuuliza maiti waliopokewa siku zile. Naye mwenzetu amekubali. Barua itasomwa hapa mkutano ujao kabla haijapelekwa, na mwanachama ye yote aliyekuwa Naivasha Januari 2008, wa kabila lo lote, amwone Katibu baada ya chai.