KUPAKA RANGI MBAO NGUMU BILA KUTOKA MABAKA

(Maneno ya hotuba kwa mafundi seremala na wanafunzi wao)



Leo nataka kuwaelezeni habari ya jambo moja ambalo limewatia hasara mafundi wengi wenye mikono mizuri. Fundi huipiga mbao randa, huunga viungo barabara, hata meza ikasimama wala isitikisike. Kisha huipaka rangi ili ipendeze, na papo hapo meza hutoka mabaka: hapa peusi, pale peupe. Mwenye kuagiza akija huikataa, au hutaka apunguziwe bei. Kazi ya siku nyingi imeharibika kwa dakika kumi, na rangi iliyokwisha kuingia ndani ya mbao ni shida kubwa kuitoa, illa kwa kurudia randa na msasa.

Mti unaojulikana sana kwa ukaidi huu ni mepoli, mti wa Kanada na Marekani, ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Mbao zake ni nyeupe, ngumu na nzito, nazo hupendwa kwa sakafu, meza na ala za muziki. Lakini msonobari pia, uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya, una tabia hiyo hiyo ijapokuwa ni laini. Basi maneno haya yawafaa hata wasiopata kuiona mepoli.

Wengi hudhani kosa ni la rangi. Sivyo. Mbao ni kama shamba wakati wa mvua: mahali pengine maji hunywewa mara moja, mahali pengine hutuama. Nyuzi za mepoli zikipinda na kuinua ncha zake juu, hunywa rangi nyingi. Zikilala, hunywa kidogo. Tena vinyweleo vyake ni vidogo mno. Rangi ya unga hukaa katika vinyweleo na mikwaruzo tu. Mwaloni, wenye vinyweleo vikubwa, huipokea vizuri, lakini mepoli huipokea huku na kuikataa kule. Rangi ya kuyeyuka, kama sukari katika chai, huingia ndani ya nyuzi zenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuitia mbao rangi, hapana budi kwanza kuitawala kiu yake.

Kwanza, isugueni mbao kwa msasa kwa kufuata nyuzi: namba 80, kisha 120, kisha 180. Msiruke namba, maana kila mkwaruzo uliosahauliwa utaonekana mweusi. Vichwa vya mbao, ambavyo hunywa kuliko mahali pote, visugueni hata namba 220.

Pili, ifuteni kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama. Zikikauka, zipunguzeni kwa msasa laini. Wakati mbao ingali na unyevu, itazameni kwa mwanga wa upande. Gundi iliyomwagika itaonekana kama doa, nayo sharti ikwanguliwe, kwa kuwa rangi haipiti juu ya gundi.

Tatu, chagueni njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kuituliza kiu kwa shelaki, yaani utomvu utengenezwao na wadudu wadogo wa Bara Hindi. Yeyusheni gramu 60 katika lita moja ya spiriti, mpake mara moja, iacheni ikauke, kisha isugueni kidogo sana. Juu yake pakeni rangi ya mafuta, mkaifute kabla haijakauka. Msitumie hapo rangi iliyoyeyushwa kwa spiriti, kwani itaiyeyusha shelaki na kuharibu kazi yote.

Njia ya pili ni rangi ya kuyeyuka katika maji juu ya mbao tupu. Itieni maji mengi iwe hafifu, mpake upesi uso wote bila kuacha ukingo ukauke, kisha mfute. Ikikauka, rudieni mara ya pili na ya tatu. Rangi hafifu mara tatu hupita rangi kali mara moja.

Nne, na hili ndilo kubwa: jaribuni kwanza juu ya kipande kilichokatwa katika mbao ile ile, kikasuguliwa vile vile, mkakimalize hata kwa vanishi, maana vanishi huibadili sura ya rangi. Kipande hicho mwonyesheni mwenye mali akubali kabla hamjaigusa meza yake.

Neno la mwisho ni la hatari. Matambara yaliyolowa rangi yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe yakirundikwa, na yaweza kuwaka moto usiku hali hapana mtu. Yatandazeni nje moja moja hata yakauke, au yatieni katika debe lenye maji na kifuniko. Spiriti nayo iwe mbali na jiko na sigara, na milango iwe wazi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Saa moja ya msasa na kipande kidogo cha kujaribia ni gharama ndogo, kuliko meza nzima kurudishwa mlangoni pako.