Stata ya Volkswagen ya Zamani: Mahali Ilipo na Namna ya Kuibadili
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wenye magari na mafundi, Mwenge, Dar es Salaam)

Shauri letu la leo ni juu ya Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda nalo gari hilo mashindano ya Safari katika njia za vumbi na matope za Afrika ya Mashariki. La mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Basi yaliyosalia kwetu hayana budi kutunzwa.

Twaona watu wengi wakisukuma magari haya kila asubuhi, na wengine wakinunua stata mpya bila ya haja. Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kutoa fedha, tafuteni kwanza ugonjwa.

Washeni taa kubwa, kisha zungusheni ufunguo. Taa zikififia sana, mara nyingi betri ni dhaifu au vichwa vyake vina kutu. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume. Taa zikibaki kali na kimya kikiwa kimya, tazameni waya mwembamba utokao kwenye swichi ya ufunguo. Tena tazameni ukanda wa eathi unaounga gia boksi na bodi. Ukilegea au kuliwa na kutu, stata nzima huonekana kama imekufa. Lakini umeme ukifika sawasawa katika stata, nayo ikalia "ta!" tu bila ya kuzunguka, hapo ndipo twasema stata ina kosa.

Sasa, iko wapi? Injini ya gari hili i nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wa feni, si kwa maji. Stata imefungwa juu ya gia boksi, mbele kidogo ya injini, upande wa kuume, yaani upande wa dereva katika magari ya kwetu. Ukifungua mlango wa injini hutaiona. Sharti uingie chini, karibu na gurudumu la nyuma.

Hapa sikilizeni sana, maana ni jambo la uhai. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu, na huko ndiko mtakakoinua. Kwa hiyo zibeni magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, inueni gari kwa jeki, kisha liwekeni juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, fungueni waya wa eathi wa betri, ili cheche zisizuke. Pili, fungueni waya mnene na waya mwembamba katika stata, mkikumbuka kila mmoja mahali pake. Tatu, kwa spana namba 17, fungueni nati ya chini, kisha boliti ndefu ya juu. Boliti hiyo huishika injini pia, nayo hupenya mpaka upande wa injini. Mara nyingi hutaka watu wawili, mmoja chini na mwingine akipenyeza mkono nyuma ya kasha la feni. Ndipo stata itoke.

Msisahau bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyomo ndani ya gia boksi, ambamo ncha ya stata huzunguka. Bushi iliyolika huiua stata mpya upesi. Ibadilini pamoja nayo.

Tena, mkienda kununua, jueni volti za gari lenu. Mengi ya kabla ya mwaka 1967 yalitumia volti 6, na flaiwili yake ina meno 109. Ya volti 12 ina meno 130. Chukueni stata ya zamani mkononi, mzilinganishe kabla ya kulipa.

Mkimaliza, fungeni boliti zote kwa nguvu, na waya wa betri uwe wa mwisho. Walimu wafundisheni vijana habari hizi, ili fedha za watu zisipotee bure, wala fundi asilaliwe na gari.