Hatua 70 za Nani? Bei ya Haki na Dalali Tunaponunua Shamba Kijijini



Ninyi wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo mmeniomba nizungumzie bei ya shamba kijijini: mtu ajuaje kwamba haijazidi, na akae vipi na dalali bila kuumia. Nimekuwa bwana shamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wengi wenu nimewasindikiza kwenda kuangalia mashamba ambayo mlitaka kuyakopea. Naomba nianze na miguu.

Huku kwetu Pwani, na katika mikoa mingi, ekari moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70. Kila mtu anaijua hesabu hiyo, ila ni wachache wanaouliza ni hatua za nani. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukizigeuza kuwa yadi unapata yadi za mraba 4,840, ambazo ni karibu sawa na yadi 70 kwa yadi 70. Basi ile hatua iliyokusudiwa ni yadi moja, sentimita 91 na ushee. Mtu anayepita shambani huku akikwepa visiki na kuinamia matawi ya mikorosho hapigi hatua ya namna hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Mkuranga na mwanachama mmoja aliyekuwa akitafuta ekari 10. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, mfupi wa umbo, anayeijua kila njia ya pale. Alitangulia akihesabu kwa sauti, nami nikamfuata na utepe wa kupimia. Hatua zake 10 za kwanza zilikuwa mita 7 na nusu. Nikapima 10 nyingine, zikawa zilezile. Maana yake upande mmoja wa ekari yake ulikuwa mita 52 na nusu, na ekari nzima ilikuwa mita za mraba 2,756. Ekari 10 alizokuwa akituuzia zilikuwa 6.8. Bei iliyotajwa, milioni 2 kwa ekari, kwa kweli ilikuwa inakaribia milioni 3.

Simwiti kijana yule mwizi. Alipima kama alivyoona wakubwa wake wakipima, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia vingine. Lakini mwanachama wetu angelipa milioni 20, angerudi mjini akijua ana ekari 10, na siku ya kuja mpima mwenye leseni ndipo angeanza kumshuku jirani kwamba amesogeza mpaka. Migogoro mingi niliyoisikiliza vijijini imeanza hivyohivyo. Kwa hiyo, kabla ya kusema bei ni kubwa au ndogo, jueni kwanza mnanunua kiasi gani. Zungukeni mipaka yote pamoja na mwenye shamba na majirani wa pande nne, mkiwa na utepe au simu yenye programu ya kupima eneo. Simu hukosea mita chache, na hilo ni dogo ukilinganisha na kukosea theluthi nzima.

Bei inayolipwa na bei inayotajwa

Ukimuuliza anayeuza, atakutajia bei anayoitamani. Dalali naye atakutajia hiyohiyo na kuongeza chake. Wa kuulizwa ni watu waliokwisha kulipa na waliokwisha kupokea. Kaa na mtu aliyenunua mwaka jana upande wa pili wa kijito, tafuta na familia iliyouza mwaka juzi. Salimia, kunywa maji, eleza shida yako. Watu wa kijijini hawafichi bei kwa mgeni aliyekuja kwa adabu. Ukipata mauzo matatu manne yaliyofanyika kweli, yenye udongo na umbali wa barabara unaofanana, tayari una kipimo bora kuliko maneno ya mwezi mzima.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi, kwa sababu mwenyeji wa kijiji anakijua kuliko sisi. Uliza ekari ya hapo hukodishwa kwa shilingi ngapi kwa msimu. Kodi ndiyo bei ambayo mkulima anaona ardhi inaistahili kwa jinsi inavyozaa leo. Tuseme inakodishwa kwa 60,000, na shamba linauzwa milioni 3 kwa ekari. Itakuchukua misimu 50 ya kodi kurudisha fedha yako. Ikiwa unakwenda kulima kwa mkopo wa chama hiki, hesabu hiyo haitakubeba, hata kama mihogo itakubali kila mwaka. Mwenye kununua ili ajenge au awaachie watoto anaweza kukubali bei ya juu kidogo, lakini ajue kwamba sehemu ya fedha hiyo haitokani na udongo.

Hiyo sehemu isiyotokana na udongo ndiyo inayotuumiza. Mwezi Machi 2013 ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, na hata kabla ya hapo mashamba ya ukanda ule yalikuwa yameanza kuuzwa kwa jina la bandari. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama, na baadaye yakafufuliwa. Waliokuwa wamekopa ili wanunue kwa bei ya bandari waliendelea kulipa riba kila mwezi, bandari iwepo isiwepo. Treni ya mwendokasi ilipoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, wimbo uleule ukahamia kwenye vituo vyake. Reli ipo, naishangilia. Ila shamba lililo kilomita 15 ndani, njia ikiwa haipitiki wakati wa masika, haliko karibu na kituo kwa maana yoyote inayomsaidia mkulima. Ukisikia "lami inakuja", lipia njia iliyopo. Lami ikija, itakuwa heri yako.

Kwa shamba kubwa, na hasa mkinunua kwa pamoja, ajirini mthamini. Tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya 2016, wathamini wanasajiliwa na bodi yao, kwa hiyo muulizeni namba yake ya usajili kabla hamjamlipa.

Yanayopunguza bei

Kuna shamba la kando ya mto ambalo mwanachama mwingine alilipenda mno, na ni haki yake kulipenda: majani mabichi mwezi wa Septemba, upepo, kivuli cha mikuyu. Upande wa mto ulikuwa na urefu wa mita 200. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Mita 200 kwa 60 ni mita za mraba 12,000, karibu ekari 3. Alikuwa anaombwa kuzilipia bei sawa na nyingine zote. Tulirudi Aprili. Pale tulipokuwa tumekaa chini ya mkuyu maji yalinifika magotini.

Ndiyo maana sishauri mtu anunue shamba aliloliona mara moja. Lione kiangazi na ulione masika. Chimba shimo la kina cha goti uone chini ya ule udongo wa juu kuna nini, kwa sababu kichanga cha Pwani kinaweza kukuonyesha uso mzuri na ndani hakishiki maji kabisa. Onja maji ya kisima cha jirani kama yana chumvi. Karibu na barabara kuu, uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi; ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na kibanda kilichomo humo hakikuongezei thamani yoyote.

Halafu miti. Sisi tuliokulia Pwani tunajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi ikawa ya mwingine, na mikorosho inaweza kuwa rehani kwa mtu aliyemkopesha mwenye shamba fedha za ada ya mtoto. Muuzaji hakudanganyi asipolisema, kwa kuwa hukumuuliza. Hesabuni miti mkiwa pamoja naye, na karatasi ya mauzo itaje kwamba imo ndani ya bei au haimo.

Haki unayonunua

Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Ndugu zangu, unachonunua kijijini ni haki ya kimila ya kuitumia, na haki hiyo inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Narudia neno Halmashauri. Mwenyekiti peke yake hatoshi, hata akiwa na muhuri mfukoni. Wajumbe wake ni 15 hadi 25, na kinachotakiwa ni kikao chao kilichoridhia uhamisho ule, na muhtasari wake. Mahakama zetu zimekwisha kutamka kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na ridhaa hiyo ni batili. Ukiwa na karatasi ya "mashahidi watatu na mwenyekiti", bei yoyote uliyolipa ilikuwa kubwa.

Hapo hapo angalia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, maana shamba lililo rahisi kupita kiasi mara nyingine ni eneo la malisho au msitu wa kijiji. Uliza kama mke au mume wa muuzaji ameridhia. Kama ni mali ya marehemu, mwombe msimamizi wa mirathi akuonyeshe hati yake ya mahakama, na usikubali kwamba kaka mkubwa anatosha. Kijiji kikidai asilimia 10 ya bei, uliza kwa upole iko katika sheria ndogo ipi na udai stakabadhi. Mara nyingi dai linaishia hapo.

Kukaa na dalali

Dalali ana kazi na kazi yake ina thamani. Anajua nani anauza, nani ana kesi, njia ipi inapitika. Wenzetu wa Kenya wana sheria na bodi inayosajili mawakala wa ardhi na nyumba. Madalali wengi wa vijijini kwetu hawajasajiliwa popote, kwa hiyo ulinzi wako ni makubaliano yako naye.

Kubalianeni malipo yake kabla hamjaingia shambani, na yawe kiasi maalumu, si asilimia. Anayelipwa asilimia hana sababu ya kukuteremshia bei. Kubwa zaidi ni cha juu. Mwenye shamba anasema milioni 12, dalali anakuambia 18, na hizo 6 zinabaki njiani. Mwenye mali anaondoka bila kujua, nawe unaondoka bila kujua. Dawa yake ni kumsikia mwenye shamba akitaja bei kwa kinywa chake, mbele yako. Dalali akikuzuia usionane naye kwa kisingizio kwamba "mzee hapendi usumbufu", rudi nyumbani. Hata mnunuzi mwingine anayesemekana anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu, mwacheni aje. Fedha zipitie benki moja kwa moja kwa muuzaji, na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kiwe ndicho kilicholipwa.

Ninaposema bei ya haki simaanishi haki ya mnunuzi peke yake. Yule mwanachama wa Mkuranga tulimpeleka kwa mwenye shamba, mama mmoja mjane. Ndipo tulipojua kwamba alikuwa ameambiwa mnunuzi anatoa milioni 1 na laki 2 kwa ekari. Tulipima upya kwa utepe, tukapata ekari 6.8, tukakubaliana milioni 1 na laki 8 kwa ekari halisi. Jumla ikawa milioni 12 na laki 2 na elfu 40. Mama alipata zaidi ya alichotarajia kwa zile ekari 10 za hatua, na mwanachama wetu akalipa pungufu ya zile 20 kwa karibu milioni 8. Kijana alipata laki 5 tulizopatana naye tangu mwanzo, akazipokea mbele ya wajumbe wa Halmashauri.

Kabla ya kutia dole gumba, mama aliomba neno moja liongezwe. Chini ya mwembe wa upande wa mashariki kuna makaburi matatu, la mumewe na ya wakwe zake. Alitaka iandikwe kwamba hayatalimwa, na kwamba njia ya kuyafikia itaachwa wazi. Mtendaji wa kijiji akaandika kwa mkono, upana wa njia mita 2, tukazipima kwa utepe uleule, na jirani akachomeka mche wa mbono kaburi kila upande wa njia ili kuweka alama.