Ua Lisilojulikana Jina: Je, Laweza Kuliwa?

Wasikilizaji, mvua za vuli zinapoishika nchi ya Voi, nyika iliyokuwa kavu hugeuka kijani kwa siku chache tu, na katika vichaka vya kuelekea Kasigau huchomoza maua ambayo wengi hawayajui majina. Liko moja limpendezalo kila apitaye. Mmea wake ni mwembamba, nao hupanda juu ya vichaka kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake. Ua lina petali sita nyekundu zenye kingo za manjano, zilizopinda kwenda juu mfano wa ndimi za moto. Wataalamu huliita Gloriosa superba.

Uzuri wake si neno. Neno ni mzizi. Chini ya udongo mna kiazi kirefu chenye panda, ambacho mwenye njaa aweza kukidhania kuwa kiazi kikuu cha mwitu. Kiazi hicho, na mbegu pia, vina sumu iitwayo kolchisini. Madaktari huitumia sumu hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana, kutuliza maumivu ya jongo. Lakini kilicho chunguni hakina kipimo. Alaye hasikii lolote mara moja. Saa kadhaa hupita, kisha huja kutapika na kuhara kwingi, na siku zifuatazo viungo vya ndani hudhoofika. Wako waliokufa, na baadhi ya waliopona walinyonyoka nywele. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Wengine husema, onja kidogo kisha ungoje. Kipimo hicho ni cha hadaa, maana sumu yenyewe nayo hungoja. Wengine hutazama nyani na mbuzi, ambao hula vitu vingi vimdhuruvyo mtu. Wala uchungu si dalili ya kutegemewa: mnavu ni mchungu, na watu wa Taita huula kwa ugali.

Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu 5 walikufa na wapatao 300 waliugua baada ya kula uji wa chakula cha msaada. Ilionekana kwamba chakula kilichanganyika na sumu ya datura, gugu lenye ua jeupe kama tarumbeta, liotalo hata mashambani.

Basi ua litambuliweje? Akina mama wazee wachumao mboga za mwitu ndio wa kwanza kuulizwa. Lakini jina pekee halitoshi, kwani jina moja huweza kuwa la mimea miwili katika vijiji viwili. Yafaa kukata tawi lenye jani, ua na tunda, kulikandamiza kati ya magazeti chini ya mawe mpaka likauke, na kuandika mahali lilipotoka, tarehe, na rangi ya ua, ambayo hufifia upesi. Katika Makumbusho ya Nairobi imo hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mabingwa wa hapo hulilinganisha tawi na mengine yaliyohifadhiwa, wakatoa jina lake.

Mpaka jibu lifike, ua hilo lisiingie chunguni. Na aliyekwisha kula apelekwe hospitali papo hapo, hata kama hajatapika, pamoja na mmea wenyewe au masalio ya chakula, ili daktari ajue ni sumu gani.