Heshima ya Kijana Asiyeona

Kule Irente, Lushoto, katika milima ya Usambara, iko shule ya watoto wasioona. Husoma kwa ncha za vidole, wakipapasa nukta zilizotuna karatasini. Maandishi hayo yalibuniwa mwaka 1824 na Louis Braille wa Ufaransa, kipofu aliyekuwa kijana wa miaka 15 tu.

Lakini sisi wenye macho, huku pwani ya Tanga, mara nyingi twakosea. Kijana asiyeona akiulizwa jina lake, twamjibia. Mikono yake yaweza kusuka makuti, nasi twamkalisha bure, kisha twaiita huruma. Huruma hiyo humfunza kujidharau. Basi tumwache ajibu mwenyewe, tumpe kazi, tumpeleke shule. Ategemewaye na wenziwe hujiheshimu.