Picha Peke Yake Haitibu Jicho

Msikilizaji, msimu wa kuvuna mahindi haupiti bila zahanati za vijijini kupokea mkulima aliyechomwa jichoni na jani kavu. Jicho jekundu, machozi yanamtiririka. Mara nyingi ni mkwaruzo tu kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Ukipuuzwa, bakteria au kuvu huweza kuingia, konea ikabaki na kovu jeupe, na jicho likawa limekwenda.

Kinachoamua ni muda. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa vijijini waliwapeleka wenye majeraha ya jicho kwenye vituo vya macho, na waliokutwa na mikwaruzo hii wakapakwa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kati ya wagonjwa 284 walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha konea. Kati ya 49 waliofika baada ya saa 24 hadi 48, walikipata 14.

Kwetu daktari bingwa wa macho yuko mjini, pengine mwendo wa siku nzima. Hapo ndipo simu inapofaa. Muuguzi anatia rangi ya fluoresini, anamulika taa ya buluu, mkwaruzo unang'aa kijani, anapiga picha na kuituma. Bingwa anajibu: mpake dawa, mwangalie tena kesho. Au: jicho limetoboka, usilibonyeze, usitie kitu, lifunike kwa kikinga kigumu, mlete leo hii. Mmoja ameokoa nauli, mwingine ameokoa jicho.

Lakini tusidanganyane. Tunapenda kuzindua programu za simu kwa mbwembwe na kukata utepe, huku kabati la zahanati halina hata tyubu moja ya dawa ya kupaka. Mgonjwa akiambiwa akanunue, ataangukia matone yenye steroidi, ambayo huipa kuvu nguvu, au maji ya majani aliyoelekezwa na jirani. Na picha iliyotumwa asubuhi ikafunguliwa kesho yake, imeshamlia mgonjwa zile saa 18.

Jambo moja halingoji simu ya mtu: dawa ya kunyunyizia shambani ikikurukia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, si chini ya dakika 15, ndipo ukimbilie zahanati.

Na siku wakija kuzindua huduma hii wilayani kwenu, pigeni makofi, kisha waulizeni: zamu ya kujibu picha usiku ni ya nani, bando analipa nani, na dawa iko wapi?